Matone Mangapi? Maswali Yenu Kuhusu Mafuta ya Kunukia

Wiki hii mmeniuliza sana kuhusu vile vichupa vidogo vya mkaratusi, mchaichai, karafuu na ndimu. Mafuta haya hutolewa kwenye majani, maua au maganda, kwa mvuke au kwa kukamua, na ukali wake haulingani kabisa na jani ulilochuma uani.

Mwanangu ana miezi minane na mafua yamembana. Nimpake mafuta ya mkaratusi kifuani? (Mama, Igoma)

Hapana, mama. Wala usimpake karibu na pua. Ndani ya mkaratusi kuna sineoli, ambayo kwa mtoto mdogo inaweza kuvuruga upumuaji, na akiyanywa, hata kijiko kimoja cha chai kinaweza kumletea degedege. Msafishe pua kwa matone ya maji ya chumvi ya duka la dawa na umnyonyeshe mara kwa mara. Ukiona anahema haraka au kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, usisubiri asubuhi, mpeleke kituo cha afya.

Na kwa wote wenye watoto wanaotambaa: mtoto akinywa mafuta haya usimtapishe, maana akipaliwa nayo huingia kwenye mapafu kama mafuta ya taa. Mbebe, na chupa ubebe, daktari aone ni kitu gani.

Nilichanganya mafuta ya ndimu kwenye losheni, nikapaka asubuhi kabla ya kwenda kwenye chanja za dagaa. Jioni mabega yanawaka, sasa yana madoa meusi. (Mwanika dagaa, Igombe)

Pole dada. Si mzio wa dagaa kama alivyokuambia jirani. Mafuta ya ndimu yaliyokamuliwa kwenye maganda yana kemikali ambazo zikipigwa na jua huunguza ngozi, na jua la ufukweni unalijua mwenyewe. Ukishapaka, sehemu hiyo isipate jua kwa saa 12 hadi 18. Kwa hiyo ndimu ni ya usiku, au ya sehemu inayofunikwa na nguo. Madoa hufifia polepole, yanaweza kuchukua miezi. Vaa mikono mirefu na usiyasugue na krimu za kuchubua. Yakitoa malengelenge, nenda hospitali.

Kipimo ni kipi hasa? Kila muuzaji ana lake. (Kijana wa masaji, Nyegezi)

Mililita moja ni kama matone 20. Kwa masaji ya mtu mzima, weka matone 12 kwenye mililita 30 za mafuta ya nazi au alizeti. Hiyo ni asilimia 2. Kwa uso, matone 6 yanatosha. Karafuu iweke peke yake akilini: matone 3 tu kwenye mililita hizo hizo, kwa sababu ya yujenoli iliyomo, kemikali iliyo kali kwa ngozi. Mimi nilijifanya mjuzi, jino liliponiuma nikadondoshea karafuu tupu. Jino lilinyamaza, lakini fizi ilibabuka, siku mbili nikala uji wa baridi.

Mteja mjamzito usimpake kitu kabla hajauliza kliniki.

Naweza kudondosha kwenye ndoo ya kuogea?

Mafuta hayachanganyiki na maji. Yataelea juu na kukugusa yakiwa makali vilevile. Yachanganye kwanza na mafuta ya nazi.

Nikipaka mchaichai, naweza kulala bila chandarua? (Mvuvi, Ukerewe)

Kaka, mchaichai huruka hewani baada ya muda mfupi, na mbu wa malaria anafanya kazi usiku kucha. Lala ndani ya chandarua chenye dawa. Huko kambini mchaichai upake ukiwa umekaa nje jioni, basi.

Nina pumu. Kujifukiza kunafaa?

Mvuke wenye harufu kali unaweza kuamsha pumu yenyewe, kwa hiyo usijaribu. Asiye na pumu atie matone mawili kwenye beseni, si sufuria iliyo jikoni: mafuta haya hushika moto, na mvuke wa sufuria umeshababua nyuso nyingi.

Rafiki yangu hutia matone ya mchaichai kwenye chai kila asubuhi. (Buzuruga)

Mwambie aache kunywa kichupa. Mchaichai wenyewe uko pale ukutani kwa jirani; achume majani matatu, achemshe, atie sukari.