Maswali Yenu: Roketi za Watu na Kazi ya Elimu ya Anga

Wiki iliyopita niliandika kwamba vyombo vipya vinavyoundwa kuwapeleka watu Mwezini vitumike pia kwa darubini na utafiti. Mmeniuliza mengi. Naanza na aliyenibana zaidi.

Roboti haichoki wala haihitaji hewa. Mtu wa nini huko juu? (Fundi mafriji, Mwanakwerekwe)

Ndugu fundi, nakujibu kwa skrubu. Darubini ya Hubble ilipakiwa kwenye chombo cha watu, Discovery, Aprili 1990. Ikaja kugundulika kuwa kioo chake kikubwa kimesuguliwa vibaya ukingoni, kosa dogo kuliko unene wa unywele, na picha zikatoka na ukungu. Disemba 1993 wanaanga saba waliifuata kwa Endeavour, wakatoka nje mara tano, wakatia vifaa vya kusahihisha mwanga. Ikaona. Wakairudia 1997, 1999, 2002 na 2009.

Safari hiyo ya 2009 ndiyo nataka uione. Mike Massimino alitumwa kufungua kifaa ambacho hakikuundwa kufunguliwa angani. Kifuniko chake peke yake kilikuwa na skrubu zaidi ya 100. Kabla ya kukifikia, ilibidi atoe kishikio cha chuma kilichoziba njia. Skrubu moja ikaliwa kichwa, bisibisi inazunguka bure. Unaujua moyo unavyokwenda hapo. Wenzake waliobaki Marekani wakatafuta kishikio kama kile, wakajaribu kukivunja ili wajue nguvu inayotakiwa, halafu wakamwambia: king'oe. Akakikamata kwa mkono, akakitingisha, akaking'oa. Kifaa kilichokuwa kimekufa tangu 2004 kikafanya kazi tena. Mimi kila nikikumbuka mkono ule, hoja ya kwamba watu na elimu ni mambo mawili mbalimbali hunitoka kabisa.

Basi Hubble itatengenezwa tena? (Mwanafunzi wa skuli, Wete)

Kwa sasa hapana, mwanangu. Vyombo kama Discovery na Endeavour, viitwavyo shuttle, vilistaafishwa 2011, na vilikuwa na mkono mrefu wa kuikamata darubini. Mwaka 2022 NASA, shirika la anga la Marekani, na kampuni ya SpaceX walianza kuchunguza kama chombo cha Dragon kingeweza kuisukuma juu, maana inashuka kidogo kidogo. Mwaka 2024 NASA ikaamua kutoendelea na mpango ule kwa wakati huo. Nilisikitika, sikufichi.

Darubini ni kioo. Ukubwa wa roketi unahusu nini? (Muunda mashua, Nungwi)

Unahusu kama upana wa mashua unavyohusu shehena. Kioo cha darubini ya Webb kina mita 6.5, na roketi iliyoibeba tarehe 25 Disemba 2021, Ariane 5, ilikuwa na kichwa chenye upana wa mita 5.4 hivi. Basi kioo kikafanywa vipande 18 na kukunjwa, na pazia lake la kuzuia jua, kubwa kama uwanja wa tenisi, likafungwa kama tanga. Kulikuwa na sehemu 344 ambazo hata moja tu ikikwama, kazi ingeweza kupotea. Zilifunguka zote, alhamdulillah, lakini kukunja huko kuligharimu miaka na fedha. Starship, roketi ya SpaceX inayoandaliwa kuwateremsha watu Mwezini, ina upana wa mita 9. Bado imo majaribioni. Ikitengemaa, kioo cha ukubwa ule kitaingia kizima.

Hizo roketi za watu si ghali mno kwa utafiti? (Mwalimu, Chake Chake)

SLS, roketi ya NASA ya kuwapeleka watu Mwezini, ni ghali, kweli: safari moja inapita dola bilioni 2. Ndiyo maana chombo cha Europa Clipper, kinachokwenda kuchunguza mwezi mmoja wa sayari ya Mshtarii, kilihamishiwa roketi ya Falcon Heavy ya SpaceX, ingawa sheria ya Marekani iliwahi kuagiza kibebwe na SLS. Kiliondoka Oktoba 2024, kitafika 2030. Kwa SLS kingefika chini ya miaka mitatu. Waliokoa fedha, wakalipa kwa muda. Naona walichagua sawa.

Ni kweli Unguja palikuwa na kituo cha safari za anga? (Msomaji, Tunguu)

Kweli kabisa, mzee wangu. Kilikuwa cha Mercury, mradi wa kwanza wa Wamarekani kurusha watu. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipoizunguka Dunia mara tatu, kituo chetu kilizungumza naye kwa redio. Kilifungwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Na pwani hii hii, Ngomeni karibu na Malindi ya Kenya (si Malindi ya mjini kwetu), Waitaliano walirusha tarehe 12 Disemba 1970 setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za anga. Iliitwa Uhuru, kwa kuwa ilirushwa siku ya uhuru wa Kenya, na iliorodhesha vyanzo zaidi ya 300. Jina la Kiswahili, limo kwenye vitabu vya falaki dunia nzima.

Kama wewe au jirani yako mlifanya kazi pale kituoni, au mna picha, niandikieni. Nitakuja mwenyewe na daftari.