Ukifuatilia kiota cha osprei kwenye kamera, hesabu samaki kwanza

Jamani nimeulizwa hili swali mpaka nimeona bora niandike mara moja niishe. Wewe mama wa Kibirizi hapa Kigoma, dagaa zako ziko kwenye kichanja, umeingiaje kwenye kuangalia ndege wa Ulaya wakilea watoto kwenye simu? Basi lawama zote wapeni kufungwa kwa ziwa. Mtakumbuka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa miezi mitatu, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, samaki wapate kuzaliana. Mitumbwi imevutwa juu, vichanja vitupu, ukienda mwaloni unakuta wanaume wanacheza bao na wanawake tunasukana. Mtoto wa dada yangu kamaliza chuo yuko nyumbani anasubiri ajira, siku moja ananiletea simu, "Mamdogo hebu ona huyu." Naona ndege kakaa kwenye rundo la vijiti juu ya mti, hafanyi kitu. Nikamuuliza sasa hapa kuna nini. "Ni laivu mamdogo, yuko Scotland sasa hivi, anaatamia." Nikaangalia kama dakika ishirini ndege hajasogea, nikamwambia huu upuuzi mwenzangu. Ndo dume likatua na samaki mguuni, kichwa cha samaki kimeshaliwa, nyama bado inatoa damu, jike akainuka akapokea akaondoka naye, dume akakaa kwenye mayai. Mimi mtu wa samaki nikavuta kigoda.

Kwa asiyemjua, osprei ni ndege mla samaki, na nikisema mla samaki namaanisha chakula chake ni samaki basi, sio kama hawa wengine wanaookota chochote. Sisi huku ndege yeyote mkubwa akinyakua samaki tunasema furukombe yanaisha, lakini huyu ana mambo yake. Anajitupa majini miguu mbele, kidole chake kimoja cha pembeni kinageuka kwenda nyuma ili samaki ashikwe vidole viwili huku viwili huku, na chini ya nyayo ana vijimiba vya kuzuia utelezi. Akishanyanyuka anampanga samaki kichwa kitangulie mbele, upepo usimsumbue. Mume wangu nilipomwonyesha hiyo aliniambia huyo kafundishwa na nani.

Sasa ushauri. La kwanza chagua kiota kimoja. Kimoja! Kamera ziko nyingi mno, Scotland kuna ya Loch of the Lowes, Wales kuna Dyfi ambako wamezaa tangu 2011, England kuna Rutland ambako walileta vifaranga kutoka Scotland kuanzia 1996 na wa kwanza kuzaliwa hapohapo wakapatikana 2001, Marekani ndo usiseme. Mimi siku zile za mwanzo nilifungua vitano kwa mpigo, leo huku kesho kule, nikajikuta simjui yeyote, naona ndege tu. Nikabaki na kimoja na jina lake sikwambii kwa sababu utaniharibia, kila mtu achague chake. Ila hakikisha una uwezo wa kurudisha nyuma, maana yake laivu nyingi za YouTube unaweza kuvuta ile kamstari ukarudi masaa kadhaa ukaona kilichotokea ulipokuwa sokoni. Bila hiyo utakaa siku nzima halafu samaki aletwe ukiwa umeenda chooni.

La bando nalo. Usiangalie kwa picha kali, utafilisika. Shusha mpaka 240, au hata 144, ndege anaonekana tu, unachopoteza ni manyoya. Mimi mwezi ule wa kwanza niliacha simu kwenye picha kubwa usiku kucha nimelala, asubuhi meseji, kifurushi chako kimeisha, na kilikuwa cha wiki. Siku hizi nafungua mara tatu tu kwa siku na saa zake nazijua. Wao kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza saa zao mbele, kwa hiyo sisi tunawatangulia saa mbili, kabla ya hapo ni saa tatu. Juni kule Scotland kunakucha saa kumi na nusu usiku kwa saa yao, kwetu ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, yaani nikiweka chai jikoni dume ndo anaenda kuvua. Na jioni yao haiishi, jua linazama huku kwetu ni saa sita usiku. Samaki wa alfajiri ndo wa kumwinda, wa mchana utamrudia baadaye.

Haya, sasa kile ninachotaka mkikumbuke hata mkisahau mengine. Watu wote wanaangalia vifaranga. Oh kamefungua macho, oh kanapendeza. Mimi nawaambia hesabuni samaki. Nilichukua daftari la madeni, ukurasa wa nyuma, nikaanza kuandika tarehe na samaki walioingia kwenye kiota, mkubwa, mdogo, nusu. Ndani ya wiki mbili nilikuwa naweza kukwambia kesho kutakuwaje kabla haijafika. Ni kama biashara yetu tu, huwezi kujua hali ya nyumba kwa kuangalia watoto wanacheza nje, angalia kilichoingia jikoni.

Kwa sababu utaratibu wao ndo huu. Jike anataga mara nyingi mayai matatu, na hatagi kwa siku moja, kati ya yai na yai zinapita siku mbili tatu, lakini kuatamia anaanza na la kwanza. Siku thelathini na saba hivi baadaye linaanguliwa la kwanza, halafu la pili, halafu la tatu, kwa hiyo yule wa tatu anazaliwa wenzake wameshakula siku kadhaa. Yule ndo kitinda mimba wa shida. Samaki wakiingia wanne watano kwa siku, wakubwa wanashiba wanalala, mdogo naye anapata zamu yake. Samaki wakipungua hakuna zamu.

Mwaka ule kiota changu walianguliwa mwisho wa Mei, watatu. Siku ya tisa ya yule mdogo ikaanza mvua na upepo, ziwa lao limechafuka, na ndege anayewinda kwa macho kutoka juu maji yakiwa na mawimbi haoni kitu, hapo wavuvi mnanielewa. Siku ya kwanza ya mvua daftari langu linasema samaki wawili. Ya pili mmoja, tena mkia tu. Jike kakunjua mabawa kidogo kafunika watoto kama mwavuli, maji yanamtiririka kichwani, hasogei. Mkia ulipokuja akaanza kurarua vipande vidogovidogo kama punje ya mchele, anapeleka mdomo kwa mdomo, na wale wawili wamenyoosha shingo. Mdogo akanyoosha yake, mkubwa akamgonga kichwani, mdogo akajilaza chini kasujudu. Akanyoosha tena akagongwa tena. Mara ya tatu hakunyoosha. Mimi nimekaa jikoni na simu nasema mpe na huyo, mpe na huyo, kama ananisikia. Asubuhi yake kulikuwa na vichwa viwili.

Nililia, sitaficha. Shoga zangu mwaloni walinicheka wiki nzima, eti unalilia ndege wa Wazungu na ziwa limefungwa huna hata dagaa ya mboga. Na hapa nitoe ushauri mwingine, usianze kuwaandikia wenye kamera waende wakamwokoe. Watu wanafanya hivyo, wengine kwa matusi. Mtu akipanda ule mti kipindi kile jike anaruka na wale wawili wanabaki kwenye mvua uchi, utapoteza wote. Kama moyo wako mwepesi, zile siku mbili tatu za njaa zima simu, angalia daftari tu. Mimi sikuweza lakini nakushauri wewe.

Kuatamia kwenyewe msikudharau, najua kunachosha. Ndo wakati wa kujifunza nani ni nani, maana baadaye hutapata nafasi. Jike kwa kawaida ni mkubwa kuliko dume na kifuani ana kanzu ya madoa ya kahawia, dume kifua chake cheupe zaidi. Na wengi wana pete mguuni yenye herufi na namba, wa Scotland huvishwa mguu wa kushoto, wa England na Wales wa kulia, ukiona tu mguu unajua kwao ni wapi. Vifaranga nao huvishwa wakiwa na wiki tano sita hivi, watu wanapanda na kamba, mara ya kwanza nilishtuka nikadhani wezi.

Na sikushtuka bure. Mwanangu yule wa dada alinisimulia habari za Loch Garten, ziwa la huko Scotland, nikabaki mdomo wazi. Hawa ndege kule walikuwa wameisha kwa kupigwa risasi na kuibiwa mayai, mwaka 1954 wakarudi wawili wakajenga, watu wakaanza kuwalinda usiku na mchana kama tunavyolinda injini za boti. 1958 mwizi akapanda usiku hivyohivyo, na kwenye kiota yakakutwa mayai ya kuku yamepakwa kiwi ya viatu! Mwaka uliofuata ndo wakafanikiwa kuruka vifaranga watatu. Nikiwaza mtu mzima kakaa nyumbani kwake anapaka yai la kuku kiwi nashindwa hata kukasirika.

Turudi kwenye msimu. Julai ndo raha. Wale wawili waliobaki wameota manyoya yenye ncha nyeupe kama magamba, macho ya rangi ya chungwa wakati wazazi wao ni ya njano, na wana tabia moja itakuchekesha, wakitaka kujisaidia wanarudi kinyumenyume mpaka ukingoni, wanainua mkia, wanarusha nje mbali. Kiota kinabaki kisafi. Nina watoto wanne sijawahi kuwafundisha kitu wakaelewa haraka hivyo. Halafu wanaanza kupigapiga mabawa palepale, wananyanyuka futi moja, wanashuka, kama helikopta inajaribiwa. Wakifika wiki ya saba ya nane jiandae, siku yoyote anaenda. Wa kwangu wa kwanza aliruka saa nne asubuhi ya huku nikiwa napiga deki, niliporudi kwenye simu nikaona mmoja, moyo ukanipasuka, nikarudisha nyuma nikamwona alivyochomoka. Hapa ndo utamshukuru aliyeweka ile kamstari.

Lakini wakisharuka usifunge daftari. Bado wanarudi kiotani kula, baba bado anavua, na ukiangalia hesabu utaona kitu ambacho wengi hawakioni kwa kuwa wameshaaga. Mama anaondoka kwanza. Agosti hivi, hajaaga mtu, siku moja hayupo na hatarudi mpaka mwaka unaofuata, kashaelekea Afrika Magharibi, wa Uingereza wengi huenda Senegal na Gambia huko. Watoto wanabaki na baba. Baba analeta samaki, analeta, mtoto wa kwanza anaondoka, wa pili anaondoka, kila mmoja peke yake bila kuonyeshwa njia, na baba ndo anafunga mlango. Mume wangu hiyo sehemu aliipenda sana akawa anaitaja kwa wageni, nikamkumbusha kwamba huyo baba hachezi bao.

Kwetu ziwa likafunguliwa katikati ya Agosti, taa zikarudi usiku, kazi ikanibana. Nakumbuka asubuhi moja nimeanika dagaa nusu, mikono ina magamba, nikafungua simu kwa kidole cha mwisho. Dume katua na samaki mzima, kichwa tu hakipo. Anaita. Kiota kitupu. Akaita kama robo saa hivi, kisha akaanza kula mwenyewe. Nikaandika mmoja.

Mwaka huo sikuwa nimewaona wakitaga, kwa hiyo 2025 nilianza mwisho wa Machi, na nakushauri na wewe uanze hapo, kabla ya mayai. Dume wangu alifika kwanza, akakaa siku sita peke yake anapanga vijiti. Jike akatua. Na unajua kazi ya kwanza ya dume ni nini? Samaki. Jike anakaa kiotani analia njaa, dume anapeleka, na kama hapeleki vizuri jike anapiga kelele mpaka unasikia aibu kwa niaba yake. Ukurasa wa Aprili una samaki kuliko nilivyotegemea, na watatu wote waliruka mwaka huo.

Kati ya hiyo misimu miwili kuna jambo moja. Osprei wa huku kwetu wanaokuja wakati wa baridi ya Ulaya sio wale wa Scotland, wanatoka upande wa Finland na Urusi. Kwa hiyo kuanzia Oktoba nikawa naangalia ziwa kwa jicho lingine. Yule furukombe wetu ni rahisi, kichwa na kifua cheupe pee, tumbo la kahawia nyekundu, na sauti yake anaijua kila mtoto wa Ujiji. Huyu mwingine tumboni mweupe, ana mstari mweusi unapita kwenye jicho kama kafungwa kitambaa, mabawa marefu yamepinda kwenye kiwiko. Desemba, siku za mbalamwezi watu hawajaenda dagaa, niko upande wa Bangwe nafuata mkaa, nikaona mabawa yamepinda hivyo yanapita juu ya maji. Nikasimama na gunia kichwani. Kitu cha kwanza nilichotafuta ni pete, mguu wa kushoto, wa kulia, mbali mno sikuona. Ila samaki nilimwona, mgebuka wa kutosha tu, kapangwa kichwa mbele.

Daftari lilikuwa nyumbani. Nilifika nikaandika kabla sijatua gunia vizuri: Bangwe, mmoja.