Lenzi ya 50mm: ya bei nafuu au ya gharama?

SWALI: Napiga picha za harusi na sendofu kwa kamera ya Canon yenye sensa ndogo (kipande cha ndani kinachopokea picha). Ninunue 50mm f/1.8, au nijichange mpaka nipate f/1.2? Msomaji, Uyole, Mbeya.

JIBU: Nunua f/1.8, ndugu msomaji, na pesa itakayobaki nunua flashi. Namba ya f ni kipimo cha tundu la lenzi linaloingiza mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Ukibana tundu hadi f/2.8, kwenye albamu iliyochapwa ni vigumu mno kutofautisha picha za lenzi hizi mbili. Kweli, f/1.2 huingiza mwanga mara 2.25 ya ule wa f/1.8: palipohitaji 1/60 ya sekunde utapiga kwa 1/125. Lakini ukimsogelea bibi harusi hadi mita moja na tundu likiwa wazi kabisa, jicho moja hutoka kali na la pili limeshafifia. Picha nyingi huharibikia hapo.

Kwa sensa yako, 50mm inabana eneo la picha kama lenzi ya 80mm kwenye sensa kubwa: safi kwa sura, haifai kwa picha ya ukoo mzima.

Canon EF 50mm f/1.8 STM haina kinga ya mvua, hivyo ifunike mfuko manyunyu yakianza. Na baridi ya Juni! Ukiingia ukumbi wenye joto, iache ndani ya begi lililofungwa kama dakika 30. Kioo cha baridi hushika mvuke, kiwe cha bei yoyote.