Nilituma onyo la unga, wakanitoa kwenye grupu

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni shabiki wa Yanga, niko Kibaigwa. Nilituma kwenye grupu letu la WhatsApp sauti inayosema unga fulani una sumu. Wakasema grupu ni la mpira, wakanitoa. Nilikosea?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kuwajali wenzako si kosa. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, iliua watu hapa Dodoma na Manyara, kwa mahindi. Mimi nimeshachambua debe moja na mama yangu, punje zenye ukungu wa kijani zikajaa nusu ungo. Jirani akaziomba za kuku. Tulimnyima, maana kuku nao zinawadhuru. Na sumu hiyo haiishi kwa kusonga ugali, hata uupike mpaka uungue.

Hayo ndiyo ya kuwaambia: waanike mahindi juu ya turubai, si kwenye udongo, na wachambue kabla ya kusaga. Ile sauti isiyo na mwenyewe, inayotaja unga wa mtu bila ushahidi, ifute. Ukiwa na mfuko wenyewe mkononi, piga picha lebo, wapelekee TBS, shirika la viwango.

Mwombe admini akurudishe. Siku ya mechi usitume kitu. Ukianza kuvuna, watumie picha ya turubai lako.