Uimara wa bidhaa hauwekwi mwishoni

Ukiingia kwenye timu inayofanya kazi kwa mizunguko ya wiki mbili, utakuta ubao umejaa mambo ambayo bidhaa itafanya. Itayafanya kwa muda gani kabla ya kuharibika, mara nyingi hakuna aliyeandika. Anzia hapo. "Kifaa kiwe imara" si lengo. Andika hivi: asilimia 90 ya vifaa vidumu miaka 5 bila hitilafu, saa 8 kwa siku, kwenye joto lisilozidi nyuzi 45. Kisha ligawe lengo kwa sehemu. Sehemu 10 zinazotegemeana, kila moja ikiwa na uwezekano wa 0.99 wa kudumu, kwa pamoja hutoa 0.904 tu, kwa hiyo anayeshughulikia swichi ajue mapema anachodaiwa.

Uchambuzi wa hitilafu na athari zake, ule uitwao FMEA, usiufanye mara moja kwa jedwali la kurasa 40 ambalo hakuna atakayelifungua tena. Huo ni upotevu mtupu. Ufanye kwa nusu saa kila kazi inapogusa kipuri, malighafi au msambazaji mpya. Na usizidishe alama zake tatu (ukali wa athari, wingi wa kutokea na ugumu wa kugundua) ukaridhika: ukali 10, utokeaji 2 na ugunduzi 2 ni 40, lakini ukali 4, utokeaji 5 na ugunduzi 5 ni 100. Ukifuata matokeo ya kuzidisha huko utarekebisha kifuniko kinachopiga kelele huku betri inayoweza kuwaka moto ikisubiri. Tazama ukali kwanza.

Majaribio ndipo wengi hukwama, kwa sababu uchakavu haujui ratiba yenu. Mapema, chukua sampuli 3 au 4, ziwashe, upandishe joto nyuzi 10 kila hatua, ukisubiri walau dakika 10 baada ya joto la vipuri kutulia, mpaka kitu kishindwe. Fanya vivyo hivyo kwa baridi na mtikisiko. Mnatafuta penye udhaifu. Sampuli iliyotoka salama imewafundisha machache. Jaribio hili halitoi idadi ya miaka, hata meneja akisihi.

Idadi hiyo ina gharama. Kudai kwamba asilimia 90 ya vifaa vitadumu, kwa kiwango cha imani (uhakika wa kitakwimu) cha asilimia 90, kunahitaji sampuli 22 zinazomaliza umri wote wa matumizi, halisi au ulioharakishwa, bila hata moja kushindwa. Kudai asilimia 95 ya vifaa, kwa imani ileile, ni sampuli 45. Subirini usanifu utulie, kisha jaribio hili refu liende sambamba na kazi nyingine, kadi yake ikibaki ubaoni mzunguko baada ya mzunguko. Kila sampuli iandikwe toleo la ubao wa saketi na la programu. Bila hivyo, wiki ya sita mtagundua mnapima kifaa ambacho hamtengenezi tena.

Hitilafu iliyotokea mara moja ikakataa kujirudia isifungwe kwa neno "haikuonekana tena". Tenga sampuli hiyo bila kuifungua, hifadhi kumbukumbu zake, kisha chunguza viunganishi na maungio ya risasi ya kuchomelea huku ikipashwa joto na kupozwa.