Kabla ya kumchinja tetea mkorofi

Swali la wiki hii linahusu kuku wanaofugwa uani: tetea mmoja anapowadonoa wenzake, hasa wageni walionunuliwa karibuni, mpaka damu ikatoka, je, mfugaji amchinje mkorofi huyo, au ipo njia nyingine? Jibu langu ni kwamba kisu kisitangulie. Mara nyingi ugomvi huo haukuanzishwa na tetea anayelaumiwa bali na sisi wafugaji wa mjini, ambao leo tunaongeza kuku wawili, kesho tunauza mmoja, na keshokutwa tunamchinjia mgeni jogoo, bila kufikiri kwamba kila badiliko la namna hiyo huvuruga utaratibu ambao kuku wenyewe wameujenga kwa shida.

Utaratibu huo umechunguzwa kwa muda mrefu. Mtafiti wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliueleza mwaka 1921: katika kundi, kila kuku anajua ni wenzake gani anaoweza kuwadonoa na ni wenzake gani hapaswi kuwagusa, na anayejua nafasi yake humpisha mkubwa wake kwenye chakula bila kupigana. Kwa hiyo tetea akimdonoa mwenzake mara moja kichwani, au akimfukuza hatua chache kisha akamwacha, mfugaji asiingilie, kwa maana hivyo ndivyo amani yao inavyolindwa. Anapaswa kuingilia pale mnyonge anapozuiwa maji na chakula kutwa nzima, anapokosa pa kukimbilia, au damu inapoonekana.

Hilo la kukosa pa kukimbilia ndilo zito kuliko yote. Kuku mnyonge hukiri unyonge wake kwa kuinamisha kichwa na kuondoka, na mkubwa akishaona ameondoka hutulia. Lakini katika nyua zetu nyingi za Tabata, Mbagala au Manzese, ambako banda limebanwa kati ya ukuta na karo la kufulia, mnyonge akipiga hatua tatu amefika mwisho, na mkubwa anaendelea kumwona mbele yake kana kwamba amekataa kutii. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na desturi hiyo ilikuwa na maana yake, kwani ilimzuia mgeni asipotee kabla hajayazoea makazi mapya. Hata hivyo, mahali penye kuku wenyeji kamba hiyo ni hatari, kwa sababu inamnyima mgeni kinga pekee aliyo nayo, ambayo ni kukimbia. Mgeni awekwe ndani ya kizimba cha wavu, wala asifungwe kamba.

Kizimba hicho kianze kukaa mbali. Kuku wanaonunuliwa sokoni hapa Dar es Salaam, wengi wao wakiwa wamesafirishwa kutoka Singida na Dodoma wakiwa wamesongamana kwenye matenga, wanaweza kubeba kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle, bila kuonyesha dalili siku za mwanzo. Kwa hiyo watengwe wiki 2 au 3 na wapatiwe chanjo. Baada ya hapo kizimba kisogezwe karibu na wenyeji kwa wiki moja hivi, ili waonane na kusikiana bila kufikiana kwa midomo. Siku ya kuwachanganya, mgeni awekwe kichanjani giza linapoingia, na asubuhi chakula kimwagwe sehemu kadhaa zilizoachana ili wenyeji wawe na kazi ya kufanya. Asiingizwe mgeni mmoja peke yake, kwa kuwa mateso yote yatamwangukia yeye. Waingie wawili au watatu wanaofahamiana. Na temba, yaani majike wachanga ambao hawajaanza kutaga, wasubiri mpaka wakaribie kimo cha wakubwa.

Kama hakuna mgeni yeyote na bado damu inatoka, basi mfugaji akague banda kabla ya kumkagua kuku. Kuku wakubwa wasizidi 4 au 5 kwa kila mita ya mraba ya banda, na vyombo vya chakula na maji viwe zaidi ya kimoja, vikae mbalimbali, maana chombo kimoja humilikiwa na tetea mmoja. Viota viwe mahali penye giza, kimoja kwa matetea 4 au 5, kwa sababu tetea anapomaliza kutaga sehemu yake ya nyuma hubaki nyekundu kwa muda, na wekundu huo huwavuta wenzake kudonoa. Chakula kilichopunguzwa makali kwa pumba nyingi, kikakosa dagaa, mashudu na chumvi ya kutosha, huwafanya kuku watafute protini kwenye manyoya ya wenzao. Utitiri na chawa nao huwakosesha utulivu. Kisha kuna joto letu la Desemba hadi Machi, ambalo chini ya bati lisilo na kivuli huwachokoza hata kuku wapole; maji yaongezwe na upepo upitishwe. Fungu la mchicha au matembele likining'inizwa usawa wa vichwa vyao litawashughulisha kwa saa nyingi.

Aliyejeruhiwa atolewe mara moja, asafishwe kwa maji ya chumvi, na asirudi kabla kidonda hakijakauka, kwa sababu kuku akishaona damu hadonoi tena kwa ajili ya kuonyesha ukubwa bali kwa kuvutwa na damu hiyo. Ila asikae mbali kwa wiki nyingi, au atarudi akiwa mgeni; kizimba chake kiwe ndani ya upeo wa macho ya wenzake. Yule mchokozi naye atengwe siku chache peke yake, mahali asipowaona wenzake. Akirudi atakuta wengine wameshapangana upya, na mara nyingi ukali wake hupungua.

Siungi mkono kukata midomo kwa kuku wa uani. Mdomo una mishipa ya fahamu, kuukata kunauma, na kuku anayechakura anauhitaji ili ale.

Kisu kina nafasi yake kwa majogoo. Jogoo mmoja anatosha matetea 8 hadi 10, na majogoo wawili kwenye ua mdogo, hasa mmoja akiwa kuchi, ile aina ya kuku wapiganaji, watapigana mpaka mmoja aumie vibaya; hapo kumla mmoja ni huruma kwa wote. Kwa tetea, achinjwe yule tu aliyezoea damu na ambaye ametengwa, amelishwa vizuri na kupewa nafasi, lakini bado anarudia. Hata hivyo asichinjwe katika wiki ileile ya kuingiza wageni, kwa kuwa nafasi anayoiacha huwafanya waliobaki wagombane tena kwa siku kadhaa, na wageni ndio watakaoumia.