Wiki ya 6 na mapigo ya moyo hayajaonekana

Pole sana dada. Umesema kipimo cha ultrasound cha wiki ya 6 kimeonyesha mfuko wa mimba na kiinitete lakini mapigo hayakuonekana, na umeambiwa urudi baada ya wiki 2. Kusubiri huko kunatesa.

Anza na tarehe. Wiki huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo yai likichelewa kupevuka, mimba inakuwa changa kuliko hesabu. Hata siku 5 ni tofauti kubwa hapo. Tazama karatasi ya majibu: urefu wa kiinitete ukiwa chini ya milimita 7, kukosekana kwa mapigo hakutoshi kusema mimba imeharibika. Uliza pia kama walipima kupitia ukeni. Mapema hivi huonekana vizuri zaidi kuliko juu ya tumbo.

Siwezi kukuahidi matokeo. Lakini mtu akikuharakisha usafishwe kizazi kabla ya kipimo cha pili, na hali yako ni nzuri, omba daktari mwingine aangalie.

Ukitokwa damu nyingi, ukiumwa sana upande mmoja wa tumbo au ukihisi kuzirai, usisubiri tarehe, nenda hospitali saa hiyohiyo. Na siku ya kurudi usiende peke yako, tafadhali.